Mnara wa Ndovu na Kisanduku cha Pimbi

Hapo zamani za kale, ila si kale sana maana wanyama walikuwa na simu, Ndovu alisimamisha mnara wa intaneti kilimani. Wewe huko nyuma, acha kusukuma wenzio! Mnara ule, wallahi, ulikuwa mnara. Mtandao wake ulivuka mbuga, ukavuka mto, ukamkuta Kiboko matopeni.

Siku moja Ndovu akapita nyumba kwa nyumba, pu! pu! pu!, akiponda visanduku vya waifai.

"Vinanidharau!" alinguruma. "Mnara wangu unafika ng'ambo. Kisanduku hakifiki hata jikoni kwa jirani!"

Akafika kwa Pimbi, kwenye pango la mwamba. Ndani alilala mke wa Pimbi na kichanga chake. Bibi wa mtoto alikaa ng'ambo ya mto, na mjukuu alimwona kwa simu tu.

"Shikamoo, mzee," Pimbi alisema.

"Marahaba. Kisanduku kiko wapi?"

"Mzee, mwamba huu mnene. Mtandao wa mnara unakomea mlangoni."

"Mkeo atoke nje!"

"Ala! Mzazi, arobaini haijatimia, atoke nje?"

Ndovu akaona haya. "Basi, mnara wangu hauzuiwi na jiwe!"

"Kumbe!" Pimbi akajifanya mjinga. "Nipe simu yako niingie nayo, tujaribu."

Akaiunga na kisanduku chake, alichokificha chini ya ungo palepale mlangoni. Kilidaka mtandao wa mnara hapo, kikaumwaga pango zima. Pimbi akaingia ndani, akampigia Bibi kwa simu ile. Nje, Ndovu akatega sikio.

"Aririririii!" Bibi akapiga vigelegele. "Mjukuu wangu! Hadi kope naziona!"

Majirani wakajaa. Ndovu akavimba kichwa. "Mmesikia? Kinacholeta sauti safi hivi, atakayekigusa nitamkanyaga!"

"Unaapa, mzee?"

"Naapa mbele ya wote!"

Pimbi akafunua ungo. Kisanduku kikapepesa taa.

"Ni hiki, mzee."

Loo! Ndovu akatazama mguu wake, akatazama kisanduku. "Sasa nikikivunja, nijikanyage mwenyewe?"

Watu wakaangua kicheko, kwa kwa kwa! Naye Ndovu akacheka hadi machozi. "Pimbi, we mtoto mjanja!"

"Na mnara wako nauheshimu, mzee. Bila huo, kisanduku changu kingemgawia nani nini?"

Basi wanangu, wa mbali hukufikisha mlangoni, wa karibu hukuingiza ndani. Usimvunje mmoja kwa kumsifu mwenzake.