Mbuzi Waliokula Banda

Mvua iliwanyeshea mbuzi wa Bi Sanura, naye hakuwa na hata ubao mmoja wa kuwajengea zizi. Akaenda kwa tajiri Mzee Msagati kumwomba mbao za banda lake kuukuu lisilo na kazi.

“Utazichukua siku mbuzi watakapozila!” Msagati akamcheka.

“Haya baba, nimesikia.”

Kesho yake Msagati akakuta mbuzi wake mwenyewe wameling'ang'ania banda, wanaramba na kuguguna.

“Sanura! Hawa wameingiwa na nini?” akamuuliza Sanura aliyekuwa akipita.

“Wamenogewa, Mzee. Wakilimaliza, watahamia milango ya nyumba yako.”

“Ng'oa mbao zote! Ondoka nazo sasa hivi!”

Sanura akazisomba. Kabla ya kuzipigilia misumari, akaziosha vizuri, mbuzi wake wasije wakairamba ile chumvi aliyozipaka usiku.