Jino la Sultani Lililopitwa

Hapo zamani, wafalme walipopenda kusifiwa kuliko kula, palikuwa na mji wenye ukuta, na sultani wake akiitwa Harithi. Nje ya ukuta, ng'ambo ya kijito, walikaa wageni waliokuja na misafara: wachoma chokaa, wachukuzi na washona viatu. Huko ndiko alikokaa Mbwana Pazi, mzaliwa wa mji lakini fukara asiye na mbele wala nyuma, kwa kuwa mkewe Namalenga alikuwa mtu wa bara. Namalenga aling'oa meno sokoni, na mkono wake ulikuwa mwepesi hata watu wakasema jino hutoka kabla halijajua.

Basi ikawa kisima cha Ng'ambo kimechafuka, homa ikaingia, na Namalenga akalala hoi, hawezi kuinua hata kata ya maji. Siku hizo hizo Sultani alikuwa amemwamuru Waziri Jabiri achunguze afya ya raia, ili dawa za hazina zipelekwe penye maradhi. Watu wa waziri wakapita mlango kwa mlango, na swali lao la kwanza likawa, "Kitovu chako kimezikwa wapi?" Aliyejibu "hapa" walimtazama ulimi na macho. Aliyejibu kwingine walimpa mkono wa buriani. Walipofika kwa Mbwana Pazi wakamwona yeye ni mzima, wakaenda zao, na mkewe aliyekuwa akiugua nyuma ya pazia hawakumtupia jicho.

Siku ya baraza waziri akanena, "Bwana wangu, mji wako hauna mgonjwa. Dawa na zibaki hazina."

Watu wakamshukuru Mungu. Mbwana Pazi, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alipandwa na hasira mpaka akaangua kicheko.

"Unacheka nini, ewe fukara?" akauliza Sultani, ambaye siku hizo alikuwa akitafuna karafuu na kujifunga kitambaa shavuni.

"Nacheka kwa furaha, bwana wangu. Nyumbani kwangu mna mgonjwa, na sasa nimejua kuwa hayumo."

"Huyo mkewe ni mgeni," akasema waziri. "Hahesabiki."

Sultani akakunja uso. "Kama wasema uchunguzi wangu ni wa uongo, nionyeshe mgonjwa mmoja aliyepitwa. Asiwe mgeni, wala asiletwe kutoka nje ya ukumbi huu. Ukishindwa, wewe na mkeo mtafungasha virago kabla jua halijachwa."

Namalenga hakuweza kusimama, sembuse kusafiri. Hata hivyo Mbwana Pazi akainama, akasema, "Nasikia na kutii. Naomba nimchunguze mtu mmoja tu, kwa desturi ile ile ya waziri. Naye ni wewe, bwana wangu."

Akapewa ruhusa. Akapiga magoti mbele ya dole gumba la mguu wa Sultani. "Ewe dole, bwana alipozikwa kitovu, ulikuwapo?" Akatega sikio. "Lasema lilikuwapo. Hujambo? Halijambo." Akauliza magoti, akauliza tumbo, nalo likanguruma. "Lashukuru," akasema. Akapanda hadi puani na masikioni, kisha akasimama wima. "Furahini, enyi watu! Sultani ni mzima, hana hata kipele. Dawa na zibaki hazina."

"Mpumbavu!" akanguruma Sultani. "Na jino? Jino linaniua! Huoni shavu lilivyovimba kama andazi?"

"Naliona, bwana wangu. Lakini siku ulipozikwa kitovu, lilikuwapo? Ulizaliwa kibogoyo kama sisi sote. Meno ni wageni, yalikuja baadaye, na wageni hawahesabiki."

"Lakini ndilo linalonitafunia tangu utotoni!"

Sultani akajisikia mwenyewe alivyosema.

"Na wachoma chokaa ndio waliokujengea ukuta," akasema Mbwana Pazi kwa upole. "Likiuma jino, bwana wangu, je, mguu hulala?"

Hapo Sultani akacheka, akalia kwa maumivu, akacheka tena. "Umenishinda, mwana wa watu. Niitieni basi yule mng'oa meno wa sokoni mwenye mkono mwepesi. Nimechoka kumwogopa."

"Hapatikani, bwana wangu. Ndiye mke wangu, yule asiyehesabika."

Siku ile ile dawa zikavuka kijito, na aliyebeba mfuko ni Waziri Jabiri mwenyewe. Akabisha kila mlango wa Ng'ambo, na swali lake la kwanza likawa, "Hamjambo humu?" Kisima kikafukuliwa. Naye Sultani, ambaye hakuwahi kumwombea mtu dua kwa bidii namna ile, kila asubuhi alituma mjumbe kuuliza Namalenga ameamkaje.

Namalenga alipopona, akaja na koleo lake, akaling'oa jino kabla Sultani hajamaliza bismillahi. Waziri akalishika kwa ncha za vidole.

"Tulitupe wapi, bwana wangu?"

"Lisitupwe," akasema Sultani, ameshika shavu. "Lizike hapa uani, kilipozikwa kitovu changu."