Nyati wa Langoni

Paukwa! Itikieni, na wenye digrii pia, maana hamna kazi nyingine.

Palikuwa na jiji, na langoni alisimama nyati wa shaba. Wasafiri walimpenda, wakipiga naye selfi. Lakini kila aliyemgusa pua aliulizwa na nyati mwenyewe, "Unapita au unakaa?" Na wote, hata wazawa, walijibu, "Napita." Ndiyo mila, ila sababu yake ilishasahaulika.

Mwashamba alikuwa na digrii mbili na viatu jozi moja. Baada ya miaka sita ya kuambiwa "we'll call you," jiji likampa kibarua cha kumsugua nyati.

Siku ya kwanza nyati akauliza, "Unapita au unakaa?"

"Napita, mzee."

Siku ya pili akauliza tena.

"Napita, si nimeshakwambia?"

Siku ya tatu meya akaja na barua. "Hongera, binti. Ajira ya kudumu!"

Mwashamba akapiga vigelegele, akamkumbatia nyati puani.

"Unapita au unakaa?"

"Nakaa, baba! Finally, nakaa!"

Miguu ikawa shaba. Kiuno kikawa shaba. Akaita, "Mama!" na ulimi ukawa shaba.

Kesho yake wasafiri wakashangilia, "Jamani, sasa kuna na dada! Amechongwa mpaka machozi!"

Meya akabandika tangazo: anatakiwa msuguaji, mwenye digrii. Kufika saa nne asubuhi, foleni ilikuwa imezunguka soko.

Ngano yangu imekomea hapo. Anayetaka kuiendeleza, apange foleni nyuma yangu.