Uzi wa Kulwa

Nianze na kosa langu. Siku niliyosimuliwa kisa hiki nilicheka, nikasema yule mama alikuwa mzembe, nami wakati huo sikuwa nimelea hata mtoto mmoja. Mwenyezi Mungu anisamehe. Sasa nakisimulia bila kucheka.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi, mjini Tabora palikuwa na mama akiitwa Mwajabu, na mumewe Mlekwa. Walijaliwa mapacha wa kike. Aliyetangulia wakamwita Kulwa, aliyefuata wakamwita Doto. Walifanana mpaka mkunga alichoka kuwatazama. Basi Mwajabu akamfunga Kulwa uzi mwekundu mkononi ili wajulikane. Maana kwao Kulwa ndiye dada: ndiye wa kuamkiwa, ndiye wa kutangulia kuolewa.

Arobaini ikatimia. Tangu ajifungue, Mwajabu hakuwa amekula chakula cha moto. Akishika tonge, huyu analia. Akilirudisha, yule analia. Mlekwa akasema, "Leo hupiki, mama watoto. Tunakwenda kula mkahawani."

Wakaenda, mchana wa Ijumaa, watu wametoka msikitini. Wakaagiza wali na migebuka. Samaki wakaja wanafuka moshi, na watoto nao wakaanza. Kulwa analia, Doto analia.

Meza ya pili aliketi Bi Nyamizi, mwanamke wa swala tano. Akasema, "Lete mmoja hapa, mwanangu, ule."

"Utachoka, bibi."

"Nimelea tisa. Nitachokea wapi?"

Mwajabu akampa Kulwa. Doto akabaki kwa baba yake. Mwajabu akala, akafumba macho kwa utamu.

Bi Nyamizi akauona uzi. Akasema moyoni, hii ni hirizi, na mtoto huyu hana dhambi. Akaukata kwa meno, akautupa, akasoma dua.

Akaja mhudumu, Mrisho, na bakuli la supu. Akaona supu ya moto, akaona vichwa vya watoto, akaogopa. Akarudisha bakuli kaunta. Akasema, "Nipeni niwalaze pale kwenye benchi, penye upepo." Bi Nyamizi akampa wake. Mlekwa akampa wake huku anatoa mwiba kwenye meno. Mrisho akawalaza juu ya kanga moja, ubavu kwa ubavu. Wakalala.

Mwajabu akamaliza kula, akanawa, akawafuata wanawe. Akainua mkono wa huyu: hakuna uzi. Akainua mkono wa yule: hakuna uzi.

"Baba Kulwa, Kulwa ni yupi?"

"Mama mtu unaniuliza mimi?"

"Nikuulize nani? Umempa mtu mwanao kama unampa sahani chafu."

Bi Nyamizi akasogea, uso umemshuka. "Uzi nimeukata mimi. Nilidhani ni hirizi."

"Hirizi ya uzi mtupu, bibi?" Mlekwa akauliza.

"Shetani hahitaji mzigo mkubwa, baba."

Mwajabu akawatazama wanawe. Moyo ukasema, wa kulia. Akatazama tena, moyo ukasema, wa kushoto. Akaita, "Kulwa." Wote wawili wakapiga miayo. Ndipo alipojitambua: siku arobaini alikuwa akitazama mkono, hakutazama uso.

Mlekwa akasema, "Basi tufunge mwingine. Atakayefungwa leo ndiye Kulwa, yamekwisha."

Mwajabu akachomoa uzi kwenye upindo wa kanga. Aliogopa kumpora mtoto udada wake, kisha akaulizwe mbele ya Mungu. "Nani afunge?" akasema.

Bi Nyamizi akasema, "Nifunge mimi. Mwenye kukata ndiye wa kurudisha."

Mrisho akasema, "Hapana, bibi. Ulipokata, bado ulimjua uliyempakata. Waliochanganyika wamechanganyika mikononi mwangu. Nifunge mimi."

Mlekwa akasema, "Kijana, wewe ulibeba ulichopewa. Mimi nilikuwa na Doto mapajani, nikamtoa bila kusema huyu ni Doto. Neno moja tu, na mdomo wangu ulikuwa na kazi ya mwiba. Tena ni baba, majina niliyatoa mimi. Nifunge mimi."

Mwajabu akasema, "Nyote hamkuwa na deni la kuwajua kama mimi. Nilijifunza uzi, sikujifunza watoto. Lakini nilimsukuma mmoja duniani kwanza, kwa uchungu, na hapa hakuna mwingine aliyekuwapo. Nifunge mimi."

Wakatazamana. Watoto wamelala, uzi uko kiganjani mwa Mwajabu.

Je, nani alistahili kuufunga? Usiniambie wote. Nitajie mmoja, tafadhali.