Ujira wa Muhanga

Paukwa! Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Paukwa! Pakawa. Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, porini, alikuwako Muhanga, fundi wa kuchimba mashimo. Akizamisha kucha ardhini, paru paru paru, nyumba imekwisha. Lakini mwenyewe alijiona si kitu. Pua ndefu, masikio makubwa, nani wa kumheshimu? Wanyama walipomuuliza wampe nini kwa kazi yake, aliinamisha pua akasema, "Chochote tu."

Wakampa chochote. Huyu majani, yule mizizi. Na Muhanga hali majani, hali mizizi. Muhanga chakula chake mchwa.

Kiangazi kikaja. Mchwa wakazama chini sana, wakabaki tu katika kichuguu kikubwa cha Bi Nungunungu. Chausiku, mtoto wa Muhanga, akakonda mpaka mbavu zikaonekana.

Jirani yao Ngiri hakuwa fundi, ila alijua kutembea mkia juu. Akaenda kwa Bi Nungunungu, akajitangaza fundi mkuu, akataka shamba zima la viazi pori kwa kumchimbia shimo. Akapewa. Akarudi, akamtuma Muhanga. Paru paru paru, shimo tayari. Ngiri akala viazi, akamtupia Muhanga maganda.

Mke wa Muhanga akayatazama yale maganda.

"Baba Chausiku, hukuibiwa," akasema taratibu. "Uliomba chochote, na chochote ndicho hiki. Lakini mtoto huyu hatafika mvua."

Muhanga akaumia moyoni. Kulipokucha akasikia Bi Nungunungu anataka mlango wa pili. Akaenda mwenyewe.

"Bibi, shimo lako nililichimba mimi. Na mlango nitauchimba mimi. Ujira wangu..." Neno lile la siku zote likamjia mdomoni. Akamkumbuka Chausiku, akalimeza. "Ujira wangu ni kichuguu kile, na mchwa wake wote."

Bi Nungunungu akashangaa.

"Kile? Mimi mchwa siwali. Miaka yote kimesimama hapo kinaniziba njia. Mbona hukusema, baba?"

Muhanga akaketi chini akalia. Kisha akainuka, akachimba mlango, akakivunja kichuguu. Chausiku akala mpaka akasinzia, mdomo umejaa mchwa.

Basi watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmelala: ukiijua kazi yako na usijithamini, bei yako watakupangia wengine. Jione una thamani, kisha taja unachotaka.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesikia amesikia.