Sauti ya Mishi Ndani ya Mashine

Sogeeni, na anayetaka kucheka akachekee kwingine, maana kisa hiki kinaniuma hadi leo. Walikuwepo watu watatu mjini Tanga. Mwajabu alikuwa na jicho: hata programu ndefu vipi, akiisoma huona palipo na tundu. Mbaruku, fundi simu, alikuwa na mkono usiotetemeka. Shemweta hakuwa na ufundi wowote, ila ukimwachia kitu utakikuta. Wote walimpenda Mishi. Mmoja alisoma naye, mmoja alimfundisha kulehemu, mmoja alikuwa mchumba wake.

Mishi alikuwa mtoto pekee wa Bi Mwanakombo. Alikuwa na mashine ya michezo, ile ya kuchomeka kwenye televisheni. Mashine hizo kila zikiwashwa hukagua kwanza sahihi ya kampuni. Mchezo usio na sahihi haufunguki. Mishi akaupenya ukaguzi huo ili acheze mchezo aliotengeneza mwenyewe: jiko la nyumbani kwao, mama anakaanga vitumbua, na sauti ya Mishi inamtania kila kimoja kikiungua.

"Nikitoka hospitali, mama, wewe ndiye wa kwanza kucheza," alisema. Hakutoka. Figo zilimchukua.

Wiki tatu baada ya mazishi, Bi Mwanakombo aliiwasha mashine. Ikamuuliza kama anataka kuisasisha. Naye, aliyekuwa bado anazipiga pasi nguo za marehemu, akaona mashine nayo itunzwe. Akabonyeza "Ndiyo". Ilipowaka tena, njia ya Mishi ilikuwa imezibwa na mchezo haukufunguka.

"Nimemzika mara ya pili, kwa kidole changu mwenyewe," alisema, akalia hadi sauti ikamkauka.

Siku ya arobaini, nguo za Mishi zikigawiwa, mama alisimama mbele ya watu ameikumbatia mashine. "Atakayeniamshia sauti ya mwanangu, hii ni yake. Naapa." Kwa kiu aliyokuwa nayo, hakufikiria mbele.

Mwajabu aliisoma programu ya kuwashia mashine kwa siku kumi na moja, macho yakavimba. Akakuta kwamba, kabla ya ukaguzi, mashine inaweza kusikiliza kadi ya kumbukumbu kwa sekunde moja tu. Akaandika programu ndogo ya kupita hapo.

Lakini kadi haisikilizwi mpaka pini mbili za ndani ziunganishwe. Mbaruku alifunga duka, akashika pumzi, akalehemu waya mwembamba kama unywele. Angeteleza kidogo tu, bodi ingeungua na mchezo ungepotea nayo.

Mashine ikawaka, mchezo ukadai ufunguo. Mishi aliufunga uchezwe kwenye mashine ile tu, na ufunguo ulifutika siku ya kusasisha. Nakala moja ilikuwa kwenye flashi aliyomwachia Shemweta kabla hawajagombana na uchumba kuvunjika. Dada zake Shemweta walimwambia aitupe. Hakuitupa, wala hakujua ndani mna nini; aliposikia ufunguo unatafutwa, akaileta.

Alasiri moja wakakusanyika. Mama akashika padi ya kuchezea. Kitumbua cha kwanza kikaungua.

"Mama! Umelala? Hebu geuza!"

Bi Mwanakombo akageuza. Akacheka, kisha akakaa sakafuni.

Mwajabu akasema, "Bi mkubwa, uliapa. Bila mimi, wasingejua pa kuingilia."

"Na bila mimi ungeingia kwa maneno?" akauliza Mbaruku.

Shemweta aliinamisha kichwa. "Mimi sina cha kujivunia. Nimetunza tu. Lakini Mishi amekufa hatusemezani, na sikumwomba radhi. Nipeni nikamwombe."

Mwajabu akaanza kulia. Mbaruku akageukia ukutani.

Mama hakuiachia padi. "Geuza, mama," ilisema mashine, naye akageuza.

Haya, mliosikia. Waliomwamsha Mishi ni watatu, kila mmoja kwa alichojaliwa, na aliyemnyamazisha ni mama yake mzazi. Kiapo kilitoka kinywani mwake na watu walikisikia. Ninyi mngempa nani mashine ile? Na mkishaamua, nani kati yenu atakwenda kuitoa padi mikononi mwa Bi Mwanakombo?