Tangi Lisilopumua

Tangi lisilopumua halimimini. Ndivyo alivyoniambia shangazi yenu Dorika mchana huu, mbele yenu nyote, nikiwa bado na sahani ya ndizi mkononi. Kisha akachukua mwavuli wake akaenda zake. Nyie mkaniangalia, mimi nikaangalia ndizi. Sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka kwa mababu wa kale, msijidanganye. Yametoka humu humu nyumbani, kwangu mimi na kwa marehemu mama yangu, na kwa pikipiki moja kuukuu. Kaeni chini. Kissa, nawe kaa, acha kukunja nguo kwa hasira. Najua umeitwa kazini mbali, najua nimekuambia usubiri mvua ipungue. Hayo tutayafikia. Chanzo cha methali hii ni hiki.

Mwaka mmoja, nikiwa bado kijana, bibi yenu Lugano alikuwa na mimba ya pili. Ile ya kwanza mtoto alizaliwa hana uhai, tukamzika bila hata kumpa jina. Basi hii ya pili mama yangu aliilinda kwa kila namna aliyoijua. Lugano asiende mtoni. Lugano asiiname shambani. Lugano asitoke nje, mvua itampiga. Mama hakuwa na roho mbaya, wallahi. Alimpenda mkwe wake kuliko alivyonipenda mimi, na alikuwa na haki, maana mimi ujana wangu ulikuwa wa maneno mengi.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mashamba ya chai. Nesi wake alikuwa binti mgeni, anaitwa Dorika, mtu wa Kasulu, huko Kigoma. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, lakini akikuambia neno unalifuata. Alizunguka vijiji kwa pikipiki ya zahanati, ambayo manesi watatu walikuwa wameipokezana kabla yake. Taa yake ilishikwa kwa waya, kiti kimeshonwa kwa uzi wa viatu, na kifuniko cha tangi kilikuwa kimelegea.

Siku moja alikuja kumpima Lugano. Alipomaliza akasema, "Mama, huyu siku zake zimefika. Nipeni niondoke naye leo, akae karibu na zahanati mpaka ajifungue."

Mama akakataa katakata. "Mkwe wangu apande pikipiki kwenye mvua hii? Hapana, mwanangu. Hapa yuko salama, mimi mwenyewe niko naye."

Nesi akanitazama mimi, mwenye mke. Nami nikatazama kuku. Haya, chekeni, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nesi akasema tu kwamba ikianza, nimfuate bila kuchelewa. Wakati anaondoka pikipiki ilimsumbua kidogo, akalalamika kwamba kile kifuniko kinaingiza maji ya mvua ndani ya petroli. Mama alilisikia hilo akaliweka moyoni.

Uchungu ulianza jioni ile ile. Kulipopambazuka mtoto alikuwa bado, na Lugano hakuwa na nguvu hata ya kulia. Mama akanishika bega. "Kimbia kamlete nesi." Halafu akafungua kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akavua ile nailoni nene aliyokuwa anakifunikia miaka yote, akanipa pamoja na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. "Mfungie tangi lake, maji yasiingie mkazimikia njiani. Funga kabisa, Ambokile. Usiache hata kitundu."

Nilikata njia ya mkato katikati ya chai, nikaanguka mara mbili, nikafika nimejaa matope mpaka kwenye nyusi. Nesi alikuwa anafungua zahanati. Hakuuliza maswali mengi. Alichukua mkoba wake, na alipokuwa anavaa koti la mvua mimi nikafunika kifuniko cha tangi kwa ile nailoni, nikakaza kwa mpira, mafundo mawili. Hata maji ya gharika yasingeingia.

Tukaondoka. Pikipiki ikaenda vizuri tu, nami nyuma nampigia mama makofi moyoni. Kupanda mlima wa kwanza ikakohoa mara mbili, ikazima.

Sasa ngoja niwaambie jambo moja. Ujanani nilikaa miezi miwili kwa fundi wa baiskeli pale Tukuyu mjini, na kwa miezi hiyo miwili nilijiona najua kila chenye magurudumu. Nesi alipopiga kiki mara tatu bila mafanikio, nikashuka nikamwambia, "Niachie mimi." Nikafungua nailoni, nikachungulia mafuta: tele. Nikafunga tena kama mama alivyoagiza. Nikachomoa plagi, nikaisugua kwa pindo la shati, nikairudisha. Kiki mbili, ikanguruma.

"Umeona?" nikasema. "Ilikuwa plagi."

Hatukufika mbali ikazima tena. Nikasugua plagi, ikagoma. Nikafungua kabureta, nikaipuliza mpaka mashavu yakauma, ikagoma. Nikafungua nailoni nikachungulia mafuta tena, nikafunga, mafundo matatu safari hii kwa sababu mvua ilikuwa imezidi. Kiki moja, ikawaka. Nikamwambia nesi, "Kabureta hiyo, ilikuwa na uchafu." Yeye alinitazama tu kwa namna ambayo sikuipenda.

Mara ya tatu ilizima katikati ya mashamba ya chai, pasipo na nyumba wala mtu, nasi bado tuna safari kubwa mbele. Hapo kimbelembele changu chote kikaniishia. Nilimwona Lugano kitandani, nikakumbuka lile kaburi dogo nyuma ya migomba. Nikashika spana nikaanza kufungua kila nati niliyoiona. Machozi na mvua vilikuwa vinanishuka pamoja, na wala sioni haya kuwaambia.

Nesi Dorika akanishika mkono. "Kaka Ambokile, weka spana chini. Tumuulize mgonjwa kwanza."

"Mgonjwa yuko nyumbani anakufa, Nesi!"

"Na huyu naye anaumwa, tena huyu ndiye atakayetufikisha kwa yule. Mgonjwa akija kwangu simpasui kabla sijamuuliza. Ilipozima mara ya kwanza ulifanya nini?"

"Nilisugua plagi."

"Kabla ya plagi?"

"Nilichungulia mafuta."

"Mara ya pili?"

"Plagi. Ikagoma. Nikapuliza kabureta."

"Ikagoma. Halafu?"

"Halafu nikachungulia... nikachungulia mafuta."

"Ikawaka," akasema. "Hiyo plagi nimeiona mkononi mwako, kavu kabisa. Ingekuwa inapata petroli ingelowa. Mafuta yamo, ila hayashuki. Chomoa huo mpira unaoyaleta kwenye kabureta."

Nikachomoa, nikakinga kiganja. Petroli ikadondoka tone, tone, tone, ikakatika. Nikatikisa tangi, nikasikia mafuta yanacheza ndani, tele, lakini kiganjani hakuna kitu.

"Usiondoe mkono," akasema. Akafungua mafundo yangu moja moja, akainua nailoni na kifuniko. Tangi likavuta pumzi. Fyuu! Nimelisikia kwa masikio yangu haya. Na papo hapo petroli ikamwagika kiganjani mwangu kwa mkondo, ikashuka mpaka kwenye kiwiko.

Loo! Nilikaa pale kwenye matope kama niliyepigwa kofi. Kumbe tangi likitoa mafuta lazima liingize hewa. Nyumbani mama anapomimina maziwa kutoka kwenye kibuyu hulegeza kizibo kwanza, nimeona hilo tangu nanyonya. Na mimi nimekiziba pumzi chombo cha watu, kisha nikawa nasugua plagi.

Nesi alitaka kufunika tangi bila nailoni, lakini mpira ulikuwa umenasa kwenye bawaba, umekazwa na mvua. Nikaushika mkoba wake nikamwambia, "Una mkasi mkobani, tukate."

Akautoa mkoba kwenye mikono yangu. "Mkasi huo ni wa kitovu cha mwanao, hauguswi na kitu kingine. Tumia meno."

Nikatumia meno. Nikaitia nailoni mfukoni, nikaiambia, samahani mama. Pikipiki ikawaka kwa kiki ya kwanza na haikuzima tena mpaka mlangoni kwetu.

Mlangoni hapo, sasa. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa na kuzibwa kwa kanga ili baridi isiingie. Ndani moto unafuka, wanawake majirani wamejaa, na Lugano yuko chini ya mablanketi matatu, jasho linamtiririka, hewa ya kuvuta hana. Nesi alisimama kizingitini mara moja tu. "Mama, fungueni dirisha. Mtoeni mablanketi. Wabaki wawili, wengine mtupishe." Mama akafungua mdomo kupinga, akaona uso wa yule binti, akaenda mwenyewe kuivuta kanga dirishani.

Mimi nilikaa nje kwenye mvua nimeegemea pikipiki, maana ndiyo iliyokuwa na joto. Sijui nilikaa muda gani. Nilisikia Lugano akilia kwa nguvu, nikafurahi kwamba ana nguvu. Kisha kimya. Kimya hicho, wajukuu zangu, msinikumbushe. Halafu kikasikika kilio kidogo chembamba, chenye hasira, kama cha mtu aliyeamshwa usingizini. Nikapiga magoti pale pale.

Mama ndiye aliyetoka kuniambia. Mtoto alikuja kitovu kimemzunguka shingoni, mara mbili, amekuwa wa buluu. Nesi aliingiza kidole akakilegeza taratibu, akakipitisha juu ya kichwa, mzunguko mmoja, wa pili, na mtoto akavuta pumzi. "Sisi tusingejua la kufanya," mama akasema. "Tungezika tena."

Nesi alipotoka kunawa, mama akamshika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, mwanangu. Ndaga fijo." Kwetu hatuna shukrani iliyo juu ya hiyo. Kisha akauliza, "Mbona mlichelewa hivyo? Nilidhani nailoni itawasaidia."

Nesi akajibu haraka, "Pikipiki ni kuukuu tu, mama. Nailoni yako imetukinga sana."

Yaani alikuwa tayari kusema uongo ili mama yangu asiumie. Mimi ndiye niliyeshindwa kuunyamazia. Nikaitoa ile nailoni mfukoni, imechanika, nikamweleza mama kila kitu, tangu fundo la kwanza mpaka lile tangi lilipovuta pumzi. Nilitegemea atanikaripia. Mama aliigeuza geuza nailoni mkononi, akaangalia mlango ulio wazi na dirisha lililo wazi, na Lugano mle ndani amemlaza mtoto kifuani.

"Jana ulisema uondoke naye," akamwambia nesi. "Mimi nikamfunga. Nilimfunga kwa kumpenda, kama hili tangi. Nusura nimuue." Akalia. Nesi akamkumbatia akamwambia, "Mama, yuko hai. Wote wawili wako hai. Njoo umshike mjukuu wako."

Mama akafuta uso kwa kanga yake. "Tangi lisilopumua halimimini," akasema. "Na mtu ni hivyo hivyo." Akaingia ndani akambeba mtoto, na akampa jina la nesi. Mtoto huyo ndiye shangazi yenu Dorika, aliyenipasha mchana huu akaondoka na mwavuli.

Tangu siku hiyo mama aliyasema maneno hayo kila mahali. Mwanamke akimbana mwali wake, mama anamwambia. Mwalimu akichapa watoto ili wajibu, anamwambia. Yakaenea kwenye chai, yakaenda sokoni, sasa naona hata vijana wa bodaboda wanayasema na hawajui ya nani. Na kila mwaka ndizi za kwanza za shamba hili zilipelekwa zahanati, mpaka nesi alipohamishwa. Siku anaondoka mama alimpa mkungu mzima na kile kitabu cha nyimbo, kikiwa hakina nailoni.

Basi. Kissa, njoo hapa mbele yangu.

Wiki tatu nakuambia subiri mvua ipungue. Mtoto wa kuzaliwa Rungwe wewe, unajua na mimi najua kwamba mvua ya hapa haipungui. Babu yako anaogopa tu. Tangu bibi yako afariki nyumba hii imekuwa kubwa, na wewe ndiye unayeniwashia moto asubuhi. Nimekufunga mafundo mawili, matatu. Umesomea unesi miaka yote hiyo, umeitwa Kigoma, mimi nimekaa juu ya barua yako kama kuku juu ya mayai.

Lakini shangazi yako aliponitupia yale maneno nilimkumbuka mtu mmoja nisiyewahi kumwona. Huko Kasulu palikuwa na mama, naye alikuwa na binti, na alimwachia aje mpaka huku kwenye baridi na matope, kwa watu asiowajua. Huenda naye aliogopa. Huenda naye nyumba yake ilibaki kubwa. Angemkazia fundo binti yake, leo Dorika asingekuwepo wa kunigombeza, na huenda Lugano angelala kando ya lile kaburi dogo, na nyie nyote mnaonikodolea macho msingezaliwa. Yule mama sikuwahi kumwambia ndaga. Sasa nimepata wa kumtuma.

Usilie, mjukuu wangu, utaniliza na mimi. Leta begi lako nilifunge mwenyewe. Hapana, lete ulifunge wewe, mafundo yangu mnayajua. Kesho asubuhi nakusindikiza stendi, inyeshe isinyeshe, na ukifika kwa wale watu umimine yote uliyonayo.

Tangi lisilopumua halimimini.